Weusi wa buibui na weusi wa uso: kisa cha kuchagua wino wa chapa ya kaboni

Mteja alikuja na vitu viwili ndani ya bahasha moja. Cha kwanza kilikuwa negativu ya filamu, mraba wa sentimita 6 kwa 6, iliyopigwa katika studio moja ya Tanga miaka ya 1960. Bibi yake ameketi kwenye kigoda, buibui limeteremshwa mabegani, kipini puani, kitambaa cheupe mkononi, na nyuma yake pazia lililochorwa minazi. Cha pili kilikuwa nakala ya negativu hiyohiyo, iliyochapishwa dukani miaka michache tu iliyopita. Ilikuwa imegandana na kioo cha fremu, na weusi wake wote umegeuka zambarau. Nyumba ya familia iko Pangani, na kuta zake zinachanua chumvi kila masika.

"Fundi," akaniambia, "nataka isiyofifia. Mimi nikiwa hai isififie, na wanangu wakinirithi isififie."

Hiyo ndiyo kazi ya chapa ya kaboni. Nikilitaja jina hilo watu hudhani ni ile karatasi nyeusi ya kunakilia risiti, na si kosa lao. Hii ni kitu kingine. Unachanganya wino na jelatini ya moto, ile gundi laini itokanayo na wanyama, na sukari kidogo, unaumwaga mchanganyiko juu ya karatasi na kuuacha ukauke. Hiyo naiita karatasi ya wino. Unaipaka daikromati ya potasiamu ili ihisi mwanga, unailaza chini ya negativu, unaimulika kwa mwanga wa urujuanimno. Palipopigwa na mwanga jelatini inakuwa ngumu na haiyeyuki tena kwenye maji ya moto, na mwanga ukiwa mwingi ugumu unashuka kina kirefu zaidi. Kisha unailaza kifudifudi juu ya karatasi nyingine ndani ya maji baridi, unaikandamiza kwa raba, unasubiri kama dakika 20, halafu unaipeleka kwenye maji ya nyuzi 42 hivi. Karatasi ya mgongoni inabanduka, jelatini laini inaondoka na wino wake. Kinachobaki ni picha iliyojengwa kwa unene: penye giza utando mnene, penye mwanga utando mwembamba kama pumzi juu ya kioo.

Ndani yake hamna chumvi ya fedha wala rangi ya kimiminika, yaani ile inayoyeyuka kabisa majini. Picha ni wino wenyewe. Ukishachagua wino umeshachagua rangi ya picha, umri wake, na hata namna mwanga utakavyopenya wakati wa kuichapa.

Manung'uniko ya mteja wangu yana umri mkubwa. Mwaka 1855, chama cha wapiga picha cha London kiliunda kamati ya kuchunguza kwa nini picha za karatasi zinafifia, na mwaka huohuo Alphonse Poitevin wa Ufaransa akachukua hataza ya kuchanganya unga wa rangi na jelatini yenye daikromati. Picha zake hazikuwa na nusu vivuli vya kuridhisha, kwa sababu mwanga huanza kugumisha jelatini kutoka juu, na vile vipande vyembamba vya mwanga hafifu hubaki vinaelea juu ya jelatini laini na kusombwa na maji. Joseph Swan wa Newcastle alilitatua hilo mwaka 1864 kwa karatasi iliyotengenezwa tayari na kuhamishiwa kwenye karatasi nyingine, ili kuosha kuanzie mgongoni. Njia ninayoitumia mimi ni hiyo ya Swan, isipokuwa kwamba yeye hakufanya kazi Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Wiki niliyoilaumu hali ya hewa

Niliskani negativu, nikaikuza na kuchapa negativu mpya ya sentimita 20 kwa 20 kwenye karatasi ya plastiki, maana chapa hii hutoka kwa ukubwa uleule wa negativu. Kisha nikachukua wino uliokuwa mezani: wa chupa, wa kuchorea kwa kalamu ya nibu, mweusi wa kupendeza. Lebo ilisema ukikauka haufutiki na maji. Maneno hayo yalinifurahisha. Nilipaswa kusimama hapohapo.

Chapa ya kwanza ilitoka na buibui zuri ajabu, jeusi la kuzama. Lakini kitambaa cha bibi, ambacho ni cheupe pe, kilikuwa kijivu. Kipini, ambacho kingepaswa kumeta kama nukta ya chumvi, hakikuonekana. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya picha nzima, hata pembezoni ambako karatasi maalumu ilizuia mwanga usifike kabisa.

Nikasema ni joto. Sababu ilikuwepo, na ndiyo iliyonipoteza. Karatasi iliyopakwa daikromati huanza kuwa ngumu yenyewe hata gizani, na joto na unyevunyevu huiharakisha. Chumba changu hufika nyuzi 32 mchana, na maji ya tangi la juu ya paa hutoka bombani yakiwa vuguvugu. Jelatini yenyewe huanza kulegea karibu na nyuzi 30, kwa hiyo hapa kwetu fundi wa kaboni hupigana na joto kila hatua. Nikahamishia kazi usiku wa manane. Nikanunua barafu, beseni la maji baridi likashuka hadi nyuzi 16. Nikakausha kwa feni ili karatasi isikae na dawa zaidi ya saa moja kabla ya kuimulika. Nikapunguza daikromati kutoka asilimia 3 hadi 2.

Ukungu ukapungua kidogo. Kupungua huko ndiko kulikonidanganya siku tano nzima, kwa sababu sehemu ndogo ya ukungu kweli ilitokana na joto. Sehemu kubwa ilibaki palepale.

Aliyeona ni kijana anayenisaidia. Nilikuwa nimempa mabaki ya karatasi ya wino ambayo hayajaguswa na dawa yoyote, ayaoshe kwa maji ya moto ili tuitumie tena ile karatasi ya mgongoni. Akaniita. "Kaka, hizi hatujapaka dawa. Mbona nazo hazitoki?"

Nikaenda kuangalia. Jelatini isiyo na daikromati ikikutana na maji ya nyuzi 42 inatakiwa kuyeyuka yote, karatasi ibaki nyeupe. Ile ilikuwa na utando wa kijivu ambao hata kidole hakikuuondoa. Hapakuwa na dawa ya kugumisha wala mwanga wala usiku wa kusubiri. Kilichokuwepo ni wino.

Nilichojifunza kuhusu chupa ile ni hiki: masizi yaliyomo, ndiyo yanayoupa wino weusi wake, yalikuwa mazuri, tatizo ni kilichoyashika. Wino mwingi wa kuchorea usiofutika hushikwa na shelaki, ileile ya mafundi wa fanicha. Shelaki haiyeyuki kwenye maji matupu, inahitaji kitu chenye ubesi kama boraksi au amonia. Ukiimwaga kwenye jelatini, ambayo kwa kawaida iko upande wa uasidi kidogo, shelaki huanza kujitenga, na ikikauka inafanya utando wake usiojali maji ya moto. Wino mwingine wa aina hiyo una akriliki badala ya shelaki, na matokeo ni yaleyale. Sifa inayompendeza mchoraji, kwamba mstari wake haufutiki, kwangu ndiyo kasoro, kwa sababu picha yangu inatokana na kufutika.

Tangu siku hiyo wino wowote haugusi daikromati mezani kwangu kabla ya kupita kwenye maji matupu. Natia tone moja juu ya chujio la kahawa na kulilowesha: kama mviringo wa rangi unakimbia mbele ya weusi, kuna rangi ya kimiminika ndani na itatia doa karatasi. Halafu nachanganya kidogo na jelatini, naiacha saa mbili kwenye joto la nyuzi 45, napaka tone juu ya kioo na kulitazama dhidi ya taa nione kama kuna chembe. Mwisho naikausha juu ya kipande cha karatasi bila dawa, naitia maji ya nyuzi 42. Ikibaki hata kivuli, chupa inarudi kabatini. Kazi hiyo inachukua siku moja. Mimi nilikuwa nimeshapoteza siku tano na zaidi ya nusu ya jelatini yangu.

Masizi manne

Wino wa kalamu za kawaida ulianguka kwenye chujio la kahawa, ukikimbia bluu na zambarau. Sikuutegemea.

Rangi ya maji ya tyubu, nyeusi ya mfupa, ilifaulu majaribio yote matatu. Hushikwa na gundi ya mgunga, ambayo huyeyuka kwenye maji bila ubishi. Nikaiamini, nikamimina. Chapa ilipotoka, vivuli vilikuwa vizuri lakini mwanga wote ulikuwa umechomoka: mikunjo ya kitambaa haipo, mng'ao wa shavu haupo. Nikakaa nayo muda kabla ya kuelewa. Weusi wa mfupa si kaboni tupu. Kaboni ndani yake ni sehemu ndogo, kama asilimia 10 hadi 20, na kilichobaki karibu chote ni fosfati ya kalsiamu ya mfupa wenyewe. Chembe zake ni nzito na kubwa. Katika nchi ya baridi jelatini huganda ndani ya dakika chache na kuzishika zilipo. Hapa kwangu ilikaa kimiminika kwa muda mrefu, na chembe zikazama taratibu kuelekea chini. Sasa kumbuka kwamba mwanga huingia kutoka juu, na yale maeneo meupe ya picha hujengwa na tabaka la juujuu kabisa. Tabaka hilo lilikuwa limebaki jelatini tupu. Picha ya mwanga ilikuwepo, ila haikuwa na wino wa kuionyesha.

Huo ni mfano wa jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayawezi kukuambia. Wino uleule, kwa mkono uleule, ungefanya kazi vizuri Lushoto mwezi wa Julai.

Masizi ya tatu yalikuwa ya koroboi. Mteja mwenyewe alilitaja: bibi yake alikuwa na koroboi ambayo bado ipo Pangani, na je, siwezi kutumia moshi wake? Nilitamani sana iwezekane. Nikawasha koroboi ya kwangu ya mafuta ya taa, nikaweka bati juu, nikakusanya masizi kwa manyoya jioni mbili. Yanaonekana laini kuliko poda ya dukani, lakini yakiguswa na maji yanaelea tu juu, hayalowani. Yana mabaki ya mafuta ambayo hayakuungua. Watengenezaji wa zamani waliyachoma tena ndani ya chombo kilichofungwa ili kuondoa mafuta hayo, nami nikafanya hivyo kwa kopo la maziwa na mkaa. Yakalowana kwa msaada wa spiriti. Lakini kusaga kwa mkono juu ya kioo, saa tatu, bado kuliacha vijidonge ambavyo kwenye uso wa bibi vilionekana kama madoa ya tetekuwanga. Nilimweleza mteja, na akaelewa. Masizi yenyewe ni kaboni safi na yangedumu kama mengine. Kilichokosekana ni kinu cha kusagia chenye nguvu kuliko mkono wangu.

Ya nne yalitoka Guangzhou. Rafiki yangu anayefuata mizigo kule alikuwa ameniletea zamani fimbo mbili za wino wa Kichina, zile za kusugua juu ya jiwe lenye maji. Nilikuwa nimeziweka kama pambo. Fimbo hizi ni masizi na gundi ya wanyama, na gundi ya wanyama ni ndugu wa damu wa jelatini. Kwa hiyo hakuna kitu kigeni kinachoingia kwenye mchanganyiko. Masizi yake yamesagwa na kukandwa kwa muda mrefu kuliko nitakavyoweza kufanya mimi. Zilipita majaribio yote, na kipande cha mwisho kilipotoka kwenye maji ya moto kilikuwa cheupe kama kilivyotoka dukani. Kijana wangu alikinyanyua dirishani bila kusema neno.

Kwa nini weusi mmoja haukutosha

Hapa ndipo kazi halisi ilipoanza, na ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wanaosema chagua masizi yoyote safi yatakufaa.

Fimbo moja ilikuwa ya masizi ya msonobari, nyingine ya masizi ya mafuta. Juu ya karatasi, kwa wino mzito, huwezi kuzitofautisha. Tia tone la kila moja kwenye glasi ya maji na tofauti inajitokeza: ya msonobari inaelekea bluu, ya mafuta inaelekea kahawia. Katika chapa ya kaboni sehemu nyeusi kabisa ni ndogo. Picha karibu yote ni wino uliopunguzwa unene. Kwa hiyo rangi utakayoiona ukutani ni ile ya glasi ya maji.

Nilichapa zote mbili. Ya msonobari ilikuwa safi, yenye ukali wa kuvutia, na mtu wa maonyesho angeichagua. Lakini bibi alikuwa amepauka kama aliyetoka kupakwa majivu. Ngozi yake, ambayo ni nyeusi ya maji ya kunde, ilikuwa na ubaridi wa mtu mgonjwa. Buibui, pazia na uso vyote vilikuwa vya ukoo mmoja wa bluu, vimetofautiana kwa kina tu. Ya masizi ya mafuta ilimrudishia uhai kiasi. Bado haikutosha.

Watu wenye ngozi nyeusi wamechapwa vibaya kwa muda mrefu, na mara nyingi sababu ni uamuzi mdogo wa fundi ambaye hakuutazama uso kwa makini. Katika picha hii kulikuwa na weusi wa aina tatu umbali wa sentimita chache: kitambaa kisichong'aa, ngozi inayong'aa, na pazia la kuchora. Jicho hutenganisha vitu hivyo kwa mwanga na kwa rangi pia. Ukiiondoa rangi yote, unaitwika ngazi ya vivuli mzigo wote, na pale chini kwenye giza ngazi hiyo ni fupi.

Nikaamua kuongeza udongo. Siena iliyochomwa ni udongo wa chuma, oksaidi ya chuma, na haina historia ya kufifia. Wachoraji wa mapangoni walitumia ndugu zake. Kwenye lita moja ya maji nilikuwa na gramu 90 za jelatini, gramu 40 za sukari na gramu 4 za fimbo iliyosuguliwa. Nikaongeza gramu moja ya siena ya tyubu, na hakuna aliyeona tofauti, maana masizi yana nguvu kuliko rangi karibu zote. Nikaruka hadi gramu 6, bibi akawa wa tofali. Gramu 3 ndipo aliponitazama.

Lakini chapa ya gramu 3 ilitoka nyepesi. Vivuli vilikosa kina, kama chai iliyotiwa maji. Negativu na muda vilikuwa vilevile, dakika 6 chini ya tyubu za urujuanimno. Nilichukua kipande changu cha kupimia chenye ngazi 21, ambapo kila ngazi hupitisha takriban asilimia 70 ya mwanga wa ngazi iliyotangulia, nikakichapa kwa wino wa zamani na wa mchanganyiko mpya sambamba. Mpya ulifunga mapema, ngazi za giza zikiwa nyembamba. Oksaidi ya chuma humeza urujuanimno. Kwa macho nilikuwa nimeongeza joto kidogo la rangi. Kwa mwanga wa kuchapia nilikuwa nimeweka pazia ndani ya jelatini, na mwanga haukufika chini. Kila pigmenti unayoongeza ina sura mbili, unayoiona wewe na inayoonwa na taa, na hazifanani.

Nikapandisha muda hadi dakika 8. Vivuli vikarudi, lakini kontrasti, yaani tofauti ya giza na mwanga, ikawa kali kupita uso ule laini ulivyotaka. Nikarudisha daikromati asilimia 3, kwa kuwa dawa ikizidi kontrasti hupungua, na sasa niliweza kufanya hivyo bila hofu kwa sababu ukungu wa zamani nilikuwa nimeshamjua mwenyewe.

Kulikuwa na ushawishi mmoja zaidi. Mteja alipenda sana ule wekundu-zambarau wa picha za mababu, na njia rahisi ya kuupata ni kutia rangi nyekundu iitwayo alizarini. Nilikataa. Alizarini ya tyubu hufifia kwenye mwanga, tena hufifia haraka zaidi ikipakwa nyembamba, na kwenye chapa ya kaboni uso wote wa mtu umepakwa nyembamba. Miaka kumi na mitano mbele dirisha la Pangani lingeila nyekundu na kumwachia bibi yuleyule wa majivu. Nilimwonyesha ile nakala yake ya zambarau iliyogandana na kioo, akakubali.

Swali la jelatini

Siku aliyokuja kuona majaribio aliuliza swali ambalo sikulitarajia: jelatini hii ni ya mnyama gani? Picha itatundikwa sebuleni chini ya aya. Nilimwonyesha mfuko, ya ng'ombe, yenye alama ya halali. Naitumia kwa heshima ya wateja wangu, na imetokea kuwa ina faida nyingine. Jelatini ya ng'ombe mara nyingi huandaliwa kwa chokaa, ile ya nguruwe kwa asidi, na chaji zake za umeme ndani ya maji hutofautiana. Wino ulioshikwa na gundi ya mgunga unaweza kugombana na ile ya asidi na kutengeneza mawingu, lakini na ile ya chokaa hukaa kwa amani. Kwa mchanganyiko wangu, ambamo siena ya tyubu ilikuja na gundi yake ya mgunga, swali la dini na swali la kemia yalipata jibu moja.

Neno kuhusu daikromati, kwa sababu vijana huniuliza. Ni sumu inayosababisha saratani, na Umoja wa Ulaya umeizuia tangu Septemba 2017 isipokuwa kwa kibali maalumu. Navaa glavu na barakoa ninapopima unga. Maji yake siyamwagi mtaroni. Nayatia metabisalfeti hadi rangi ya chungwa igeuke kijani, dalili kwamba kromiamu imebadilika kuwa ya aina isiyo na makali yale, kisha naihifadhi kwenye dumu lenye maandishi makubwa. Metabisalfeti hiyohiyo ndiyo inayosafisha manjano kwenye chapa iliyokamilika.

Chapa ya mwisho niliifanya usiku, barafu mfuko mmoja na nusu. Nilitia karatasi kwenye maji ya moto, nikangoja hadi wino ukaanza kuchuruzika pembeni, nikabandua mgongo. Dakika ya kwanza ni tope tu. Dakika ya tatu kitambaa kikatoka, cheupe, mikunjo yake yote ipo. Ya tano, kipini. Kijana wangu akasema "hicho hapo" kabla yangu.

Mteja alipoipokea aliitazama kwanza kwa mbali, halafu akaiinamisha dirishani. Chapa ya kaboni ikipigwa na mwanga wa ubavuni unaona mwinuko wake: buibui limesimama juu ya karatasi, ukingo wake unashikika kwa macho, na uso umelala chini yake kama ulivyo uso ndani ya kitambaa. Akapitisha kidole hewani juu ya ukingo ule bila kugusa. Akasema kwamba bibi yake alikuwa na rangi hiyo. Rangi hiyohiyo. Sikuwahi kumwona mwanamke yule na sina namna ya kuthibitisha, lakini nilikuwa nimeomba sana kusikia hivyo.

Ameagiza ya pili, ya kaka yake aliyeko Maskati. Fimbo ya masizi ya mafuta imebaki nusu, na ile nyingine iliyokuja baadaye, yenye maandishi yaleyale ya dhahabu, ikitiwa kwenye glasi ya maji inaelekea bluu kidogo kuliko ya kwanza. Kwa hiyo naanza na chujio la kahawa, halafu kipande kwenye maji ya moto bila dawa, halafu siena gramu 3 na nusu, na nitaitazama karibu na ya kwanza kabla mteja wangu hajaipeleka hiyo ya kwanza Pangani.